Kahawa Chungu ya Pasaka

"Nimesema toa mikono yako kwenye huo unga!"

"Na mimi nimesema siitoi."

"Tafida!"

"Ndiyo jina langu. Lipo tangu nizaliwe, halijachakaa."

Ayadi alisimama mlangoni mwa jiko, kilemba chake mkononi, hajui aingie au atoke. Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama katika unga na samli hadi viwiko, anakanda kama mtu anayefua blanketi. Ilikuwa Jumatano ya Ayubu, katikati ya Juma la Mateso, na katika kijiji kizima cha Nagaa Bulus hapakuwa na tanuri lililopoa. Kila moshi ulinukia kahki, zile biskuti za sikukuu zinazonyunyiziwa sukari ya unga, ambazo mwanamke huzioka kwa kunusa tu, kwa kuwa mwenye kufunga haonji samli mpaka Bwana afufuke.

"Nyumba yenye msiba haioki kahki," Ayadi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unajua mwenyewe. Sikukuu ya kwanza baada ya maziko hakiliwi kitu kitamu. Watu wanakuja asubuhi, wanakaa, wanapewa kahawa isiyo na sukari, wanatoa pole, wanakwenda zao. Tulifanya hivyo kwa mama yangu. Tulifanya hivyo kwa baba yako."

"Mama yako alikufa. Baba yangu alikufa. Nitajie mwingine aliyekufa humu ndani."

Ayadi akakigeuza kilemba mkononi.

"Nitajie jina lake."

"Unalijua."

"Yulita yuko mjini Akhmim kwa dada yangu, anakula dengu na kitunguu kama Mkristo yeyote anayefunga. Jana kanipigia simu, kaniambia mkono unaunga vizuri. Maiti haungi mfupa, Ayadi."

"Nimeshasema mbele za watu."

"Basi ulivyosema mbele za watu, kaseme tena mbele za watu kwamba ulikosea."

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili ya Matawi. Siku hiyo, baada ya misa, padri huwasomea waumini wote sala ya maziko wakiwa wazima wamesimama, kwa sababu katika Juma la Mateso kanisa halimsomei mtu maziko yake. Atakayekufa wiki hiyo huhesabiwa kuwa amekwisha kusomewa. Watu hutoka pale wametulia, misalaba ya majani ya mtende mikononi, kila mmoja akijua kuwa lolote likitokea hana deni na kanisa. Walikuwa wanatoka hivyo hivyo Bekhit, kaka mkubwa wa Ayadi, alipomsimamisha ndugu yake uwanjani mbele ya wanaume na kumuuliza, "Binti yako yuko wapi?"

Yulita alikuwa ameolewa na Ramzi, mtoto wa Bekhit. Mara ya kwanza alipokimbilia kwao alikuwa amepasuka mdomo. Ayadi mwenyewe alimrudisha, tena na mikate ya moto ya kuombea radhi. Mara ya pili Ramzi alimpiga kwa mpini wa jembe akamvunja mkono, na safari hiyo hakuja kwao. Alipanda gari akaenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo. Kijiji kikasema ametoroka.

Ayadi, akiulizwa mbele ya wanaume wote wale, na kaka yake amesimama kama mwendesha mashtaka, alitazama jani la mtende mkononi mwake akajibu, "Hesabuni tumemzika leo pamoja na wengine."

Ndivyo binti alivyokufa.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," Ayadi alisema sasa, akikaa juu ya gunia la ngano. "Mashine ya maji ni ya kaka. Nyanya zetu ziko kwenye maua. Akizima mashine yake tutakula nini, mke wangu? Tutakula ukaidi wako?"

"Wiki hii hakuna kubusu. Tangu jana jioni kanisa limekataza, kwa ajili ya busu la Yuda. Au mkono wa kaka yako una ruhusa yake peke yake?"

Ayadi alitaka kukasirika, lakini mdomo ulimsaliti upande mmoja ukacheka. Alikuwa mtu mwema, Ayadi. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake: alikuwa mwema kwa yeyote aliyesimama karibu naye zaidi.

*

Aliyekuja kusimama karibu naye jioni ile alikuwa Bekhit.

Aliingia bila kumpa mtu mkono, kama ilivyo desturi ya siku zile. Alikuwa mfungaji wa kweli, si wa maonyesho. Tangu Kwaresima ianze hakuwa ameonja mafuta, na maji yenyewe aliyanywa jua likishatua. Uso ulikuwa umekonda, macho yamezama. Akatazama trei za kahki zilizopangwa juu ya mkeka, bado nyeupe, zikingoja tanuri.

"Ayadi," alisema. "Nani kafungua duka la keki hapa?"

"Mimi, shemeji," Tafida alisema. "Karibu. Siwezi kukukaribisha uonje, utanisamehe."

Bekhit hakumgeukia. Miaka yote alikuwa akimwita Mama Yulita, kwa kuwa Mungu hakuwapa mtoto mwingine. Tangu Jumapili alikuwa akimwita "bibi wewe", au hamwiti kabisa.

"Mwambie bibi huyo kwamba asubuhi ya sikukuu nitakuja na wanaume wa ukoo. Tutakaa sebuleni kwako. Tutakunywa kahawa chungu, tutakupa pole. Tukishakunywa, limekwisha. Binti hana baba, hana ukoo, na mwanangu atatafuta njia yake kanisani ya kutenguliwa ndoa. Au mrudishe binti kwa mumewe kabla ya Jumamosi, na tutakula hizo kahki wote, mimi wa kwanza. Mimi si mtu mbaya. Nataka nyumba mbili ziwe nyumba moja kama baba alivyoziacha."

"Shemeji," Tafida alisema, "Jumapili ya Mwana Mpotevu ulilia kanisani. Nilikuona toka upande wetu, unafuta macho kwa skafu."

"Nililia. Ni maneno ya Bwana, nani asilie?"

"Yule kijana alikula mali ya baba yake na makahaba, akaishia kulisha nguruwe, akarudi akachinjiwa ndama. Wangu amekula nini? Kipigo. Kosa lake ni kwamba hakushiba?"

Hapo Bekhit alimgeukia. Hakuwa mjinga, na Injili aliijua.

"Umesahau nusu ya maneno. Kijana yule alirudi kwa unyenyekevu. Alisema, sistahili kuitwa mwana wako. Yulita naye arudi aseme hivyo, nitamchinjia ndama mimi mwenyewe."

"Alirudi kwa baba yake, shemeji. Hakurudishwa kwa nguruwe."

Kuku waliokuwa uani walisikika wakiparura. Ayadi aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Bekhit alifunga skafu yake polepole, kana kwamba ndani kulikuwa na baridi.

"Ayadi," alisema, "zamu yako ya maji ni Jumatatu. Itategemea Jumapili." Akatoka.

"Umeniua," Ayadi alimwambia mkewe.

"Basi tutakunywa kahawa yako pamoja na ya Yulita," Tafida alisema, akabeba trei ya kwanza kwenda tanurini.

*

Ijumaa Kuu walisimama kanisani kuanzia asubuhi hadi jua lilipoelekea kuzama. Magoti yaliuma kwa kusujudu. Upande wa wanawake palijaa, lakini kumzunguka Tafida kulikuwa na nafasi ya kutosha kutandika mkeka. Walimwachia nafasi ile kwa heshima, kama anavyoachiwa mfiwa, na heshima ile ilimchoma kuliko tusi.

Nagia, mke wa Bekhit, alimkaribia wakati wa kutoka.

"Jamani, tukuiteje sasa?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Mama Yulita ni kumwita marehemu. Na wa kiume hukujaliwa."

"Niite Tafida. Ila wewe nikuiteje? Maana kama wangu kafa, wako ndiye aliyemuua. Mmoja wetu ana msiba, mwingine ana kesi."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma walijifanya wanakohoa. Nagia akavuta shela lake akaenda.

Abuna Tadrosi, padri wao, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa pembeni, amevua viatu, vidole vimevimba kwa kusimama. Mkononi alikuwa na kikombe cha siki iliyochanganywa na maji, kinywaji cha siku ile. Tafida alisimama mbele yake.

"Abuna, yale maziko ya Jumapili ya Matawi yanamzika nani?"

"Hayamziki mtu. Tunamwombea yeyote atakayefariki wiki hii."

"Na asiyefariki?"

"Anamshukuru Mungu, anarudi nyumbani kwao."

"Nyumbani kwao?"

Abuna aliona alikokuwa anaongozwa. Akaweka kikombe chini.

"Mama Yulita," alisema, naye ndiye mtu wa kwanza kumwita hivyo wiki ile, "Bekhit ndiye aliyejenga upya ukuta wa kanisa ulipoanguka. Nikimsema hadharani, nusu ya watu hawa watakwenda naye."

"Leo umetusomea habari za Pilato. Naye aliogopa watu, akaagiza maji ya kunawa." Tafida alionyesha kwa kidevu. "Bomba lile pale, Abuna. Maji yanatoka."

Abuna alitazama mikono yake, mikono mikavu ya mzee.

"Nilipaswa kusema palepale Jumapili," alisema. "Sikusema."

"Bado wiki haijaisha," Tafida alisema, akamwinamia kidogo, akashika njia.

*

Jumamosi Tafida alikwenda Akhmim. Alimkuta Yulita barazani kwa dada yake, anachambua mchele kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa plasta hadi begani. Alikuwa amekonda. Alipomwona mama yake alinyanyuka haraka, mchele ukamwagika, wakacheka wote wawili, halafu wakalia kidogo, halafu Tafida akasema imetosha.

"Kesho asubuhi upande gari la kwanza," alisema. "Uje nyumbani."

"Nyumbani wapi, Mama? Nimesikia nimekufa."

"Ndiyo maana nataka uje. Nimeoka kahki, nani atazila?"

Yulita alirudi kuokota mchele, punje moja moja.

"Mama, mimi nimewaza. Nitarudi kwa Ramzi."

"Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hakuna. Najua habari ya maji. Baba akikosa zamu, nyanya zinaungua. Kwa ajili yangu mtakula nini? Kipigo nimekizoea. Baba njaa hajaizoea."

Tafida akachukua sinia la mchele kutoka mapajani mwa binti yake akaliweka kando.

"Nisikilize. Kuna mwanamke mmoja katika Injili, alikuwa na sarafu kumi. Ikapotea moja. Akawasha taa, akafagia nyumba nzima, akasumbua majirani. Kumi, ikapotea moja tu, bado tisa! Mimi ninayo moja, Yulita. Unataka niseme haidhuru?"

"Na baba mkubwa atakuwa amekaa pale mlangoni na ukoo mzima. Nitapita wapi? Nani atanifungulia?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Hata wale wanawake waliokwenda kaburini hawakujua. Si walikuwa wanaulizana njiani, nani atatuvingirishia lile jiwe? Waliulizana huku wanatembea, mwanangu. Hawakukaa nyumbani wakingoja jibu. Wanaume ndio waliokaa nyumbani, tena mlango wameufunga."

Yulita alitazama plasta yake. Watoto wa dada wa Tafida walikuwa wameichora misalaba na samaki kwa kalamu ya wino.

"Na nisipokuja?"

"Kahki zitalala. Siku ya pili si tamu."

Tafida alingoja mpaka gari la mwisho lilipopiga honi, akaondoka bila jibu. Njia nzima alikuwa anajilaumu kwamba alizungumza sana habari za sarafu na jiwe, wakati mtoto alitaka tu kushikwa kichwa.

*

Usiku wa Ufufuo, taa za kanisa zilipozimwa na kuwashwa tena, na kengele zikalia, na wanawake wakapiga vigelegele, Abuna Tadrosi alisoma Injili. Alipofika pale malaika wanapowauliza wanawake, *kwa nini mnamtafuta aliye hai katika wafu*, alisimama. Akauinua uso. Akatazama upande wa wanaume, mstari wa pili, walipokuwa Bekhit na Ayadi bega kwa bega. Akausoma mstari ule tena, kwa sauti kubwa zaidi, kisha akaendelea. Hakusema neno jingine. Watu walidhani mzee amepoteza mahali alipofika.

Asubuhi, jua likiwa bado changa, wanaume wa ukoo waliketi sebuleni kwa Ayadi kwenye viti virefu vya mbao, ukuta hadi ukuta. Kanzu zao zilikuwa mpya za sikukuu, na nyuso za mazikoni. Hakuna aliyejua azungumze nini. Mtu huja kwenye msiba akamsifu marehemu. Sasa huyu wangemsifu kwa lipi? Mmoja alisema hali ya hewa ni nzuri. Mwingine akasema ni nzuri kweli. Ayadi alizunguka na birika la kahawa nyeusi bila sukari, anamimina, anamwaga kwenye visahani.

Tafida alikuwa jikoni, trei ya kahki mbele yake imefunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa amesikia gari la kwanza likija. Alilisikia likisimama njia panda, akalisikia likiondoka. Alihesabu moyoni muda wa mtu kutembea toka njia panda hadi kwao, ukapita. Akahesabu tena, akimpunguzia mwendo kwa ajili ya mkono uliovunjika. Ukapita pia. Akakaa juu ya gunia la ngano, mahali pale pale Ayadi alipokaa Jumatano.

Ndipo aliposikia sauti ya Haji Abdel-Aali, jirani yao Mwislamu wa ng'ambo ya mfereji, ambaye hakuwahi kukosa sikukuu yao wala wao kukosa ya kwake.

"Kila mwaka na heri, jamani! Kila mwaka na—" Sauti ikakatika mlangoni. "Lo. Mbona hivi? Kahawa bila sukari? Nani katutoka?"

Ayadi akajishughulisha na birika.

"Ayadi, ndugu yangu, nani kafa? Usinifiche."

Mmoja wa wazee alisema kwa sauti ndogo, "Yulita."

"Yulita yupi?"

"Binti wa Ayadi."

"Huyu?" Haji aligeuka akaonyesha nyuma yake. "Huyu tuliyepanda naye gari moja toka Akhmim sasa hivi? Kanipisha nikae dirishani! Tumetembea polepole kwa sababu ya goti langu, njia nzima ananicheka. Kama huyu ndiye aliyekufa, basi kuzimu wana adabu kuliko kwetu."

Tafida alifika sebuleni kabla hajajua kuwa amesimama. Yulita alikuwa kwenye kizingiti, nguo ya bluu, plasta yenye misalaba na samaki, uso mweupe kama unga. Hakuna mwanaume aliyemtazama. Walitazama vikombe vyao.

"Ayadi," Bekhit alisema bila kupandisha sauti. "Wewe ndiye baba. Waambie watu hawa. Binti yako amekufa au yu hai?"

Ayadi alisimama katikati ya sebule na birika lake. Alimtazama kaka yake, akamtazama binti yake, akaitazama sakafu.

Tafida hakumngoja. Alirudi jikoni akatoka na trei, akaondoa kitambaa, sukari ya unga ikang'aa kama chokaa mpya.

"Usiku mmesikia kwa masikio yenu," alisema. "Abuna kasoma mara mbili. Kwa nini mnamtafuta aliye hai katika wafu?"

"Hata mimi nilisikia, kabla sijaenda mjini alfajiri," Haji alisema. "Spika yenu inafika ng'ambo ya mfereji."

"Nibebe trei, wewe ugawe," Tafida alimwambia binti yake. "Mkono mmoja unatosha."

Yulita alimeza mate. Akaenda kwa mzee wa kwanza, yule aliyelitaja jina lake, akachukua kahki moja akamnyooshea.

"Kristo amefufuka, babu."

Hiyo si salamu ambayo Mkristo anaweza kuiacha hewani asubuhi ya Pasaka. Mzee yule angeweza kukataa biskuti. Jibu hakuweza kulikataa. "Hakika amefufuka," alisema, na kwa kuwa alikwisha kumjibu, aliona upumbavu kutoipokea kahki. Akaipokea.

"Kristo amefufuka, ami."

"Hakika amefufuka."

"Kristo amefufuka."

"Hakika amefufuka, binti yangu. Mkono waendeleaje?"

Alikwenda hivyo, kiti kwa kiti, mama na trei nyuma yake. Sauti yake mwanzoni ilikuwa uzi. Ilipofika ukuta wa pili ilikuwa kamba. Vikombe vya kahawa viliwekwa chini kimoja kimoja. Kisha akafika kwa Bekhit.

"Kristo amefufuka, baba mkubwa."

Bekhit aliutazama mkono ule wenye kahki. Mtu aliyefunga siku hamsini na tano bila tone la mafuta, aliyejua zaburi kwa moyo, aliyeujenga ukuta wa kanisa. Kilichotakiwa kwake kilikuwa maneno mawili ambayo watoto wa kijiji kizima walikuwa wanayapiga kelele njiani.

Hakuyasema.

Bekhit aliinuka, akakung'uta kanzu yake ambayo haikuwa na kitu.

"Ayadi," alisema. "Mashine itazimwa leo. Ukitaka maji, unajua pa kumpeleka huyu."

Akatoka. Hakuna aliyemfuata. Nyayo zake zilisikika uani, halafu njiani, halafu hazikusikika.

Yulita alikuwa bado ameinyoosha kahki. Sukari ikadondoka sakafuni. Akageuka, akaona aliyebaki ni baba yake.

"Kristo amefufuka, Baba," alisema, na safari hii ilikuwa kama swali.

Ayadi aliweka birika chini. Tafida, aliyeishi naye umri wote ule, hakujua atafanya nini, na alikuwa amekwisha kujiandaa kwa lolote. Trei aliishika kama ngao. Ayadi aliichukua kahki ile kutoka mkononi mwa binti yake. Akaiuma. Sukari ikamjaa masharubuni. Akatafuna taratibu, macho yamefumba, mtu ambaye tangu majira ya baridi hakuwa ameonja samli, akameza.

"Hakika amefufuka," alisema. Kisha akafungua macho. "Yulita, ndoo ziko wapi siku hizi?"

"Ndoo, Baba?"

"Ndoo. Nyanya zina kiu, na mashine imezimwa."

"Leo ni sikukuu, Ayadi!" mmoja wa wazee alisema. "Na ndoo utazimaliza lini? Shamba zima kwa ndoo?"

"Sitazimaliza." Ayadi alikuwa amekwisha kuinama, anakunja kanzu mpya, anaifunga kiunoni. "Nitaanza."

"Mashine yangu itakuwa huru kuanzia Jumanne," Haji alisema, mdomo umejaa kahki. "Lakini mpaka Jumanne, goti langu halichukui ndoo. Nitawasimamia."

"Mama Yulita," Ayadi alimwita mkewe, "funika hizo zilizobaki, nzi watazila."

Tafida alifunika trei. Akalichukua birika la kahawa, akatoka nalo mpaka mlango wa njiani, akaimwaga yote mavumbini mbele ya waliokuwa wanapita, na akaenda kutafuta ndoo. Zilikuwa tatu nyuma ya tanuri. Kubwa alimpa Ayadi, ya pili akaichukua mwenyewe, na ndogo ile ya kukamulia mbuzi akamtundikia Yulita kwenye mkono mzima.

Wakashuka mferejini katika nguo za sikukuu, kijiji kizima kikiwatazama. Ayadi aliingia majini mpaka magotini, akachota ndoo ya kwanza, na sukari bado ilikuwa kwenye masharubu yake.